Kaburi Hewa la Nyabuhele

"Nani amekufa? Nakuuliza wewe, Yunus, nani amekufa?"

"Punguza sauti, Mwanaheri. Majirani."

"Majirani waje! Waje wanisaidie kulia! Nina miaka ishirini na mitatu kwenye ukoo huu, nimezika wakwe wawili na shangazi mmoja. Abeid bin Mrisho simjui. Ni mjomba wako? Ni babu? Au ni mtoto wako wa nje, aliyezaliwa mwaka thelathini na moja?"

Maulida, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akacheka kwa pua. Mama yake akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini? Nenda kaangalie maharage!"

"Maharage yameiva, mama. Mimi nasikiliza msiba."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na ugomvi wa nyumba ya Mzee Yunus pale Mabatini ulikuwa unasikika mpaka kwa muuza mkaa. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kochi, miguu ameinyoosha juu ya stuli. Miaka thelathini ya kuweka vigae, maana yake miaka thelathini ya kupiga magoti kwenye sakafu za watu, ilikuwa imeyala yale magoti yakaisha. Mezani ilikaa simu, na kwenye simu kulikuwa na ujumbe kutoka kwa Sadru, yule mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kukodi ekari zao sita za Nyabuhele ajenge kiwanda.

Mwanaheri akaichukua simu, akasoma kwa mara ya tatu, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

"'Asalaam alaykum Mzee Yunus. Jana nimepita shambani kwako nimeona kaburi la mzee wenu. Poleni sana, hukuniambia. Mimi siwezi kuweka mashine juu ya kaburi la mtu, hata ukinipa ardhi bure. Nimeongea na Shimba, ng'ambo ya mto. Kesho saa nne namalizana naye. Tubaki ndugu.'" Akaiweka chini. "Tubaki ndugu! Kodi ya kila mwaka inakwenda kwa Shimba, sisi tunabaki na undugu!"

Farouk, mtoto wa kiume, aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana na tangu hapo kazi yake ni kuulizwa anafanya kazi gani, alikuwa amekaa kona akiangalia kucha zake. Alikuwa na sababu. Maandishi ya kwenye lile kaburi, jina la Abeid na miaka yake, alikuwa ameyaandika yeye.

Sasa sikia mzee alivyojichanganya. Mwezi uliopita alikwenda shambani akakuta vijana wamevaa vizibao vya njano, wana ile kamera ya miguu mitatu, wanapaka mawe rangi nyekundu. Mtu wa hapa kwetu akiona jiwe lake limepakwa rangi nyekundu haulizi. Anajua serikali inataka eneo, mthamini yuko njiani, fidia inakuja. Na mwenye akili hufanya nini? Anapanda. Utakuta mtu kachomeka miche mia ya miembe kwa siku moja, mwingine kainua ukuta mmoja anasema nyumba. Mzee Yunus akaenda mbali zaidi. Alisikia kaburi lina fungu lake la fidia. Akachukua vigae vilivyobaki kwenye kazi ya hoteli, vya bluu na vyeupe, akajenga kaburi ambalo, kwa maneno ya Maulida alipoliona kwenye picha, lilikuwa zuri kuliko choo cha nyumbani kwao mara kumi.

Kumbe vijana wa rangi nyekundu hawakuwa wa serikali. Walikuwa wa Sadru. Sadru halipi fidia ya miembe. Yeye anatafuta ardhi nyeupe, isiyo na kitu juu yake.

"Ulivyojua ni Sadru, kwa nini hukulibomoa?" Mwanaheri aliuliza.

"Nilibomoe vipi?" Mzee Yunus akanyanyua mikono. "Mchana kweupe, mtu mzima mimi, nasimama na nyundo navunja kaburi? Watu wanapita pale! Na Bi Mhoja, jirani wa shamba, keshaanza kulifagia kila asubuhi."

"Basi nenda kamwambie Sadru ukweli."

"Siendi. Mimi nimeweka vigae misikiti mitatu na kanisa moja. Nikamwambie mtu nimejenga kaburi la uongo? Kesho nani atanipa hata bafu?"

"Bafu utapiga kwa magoti gani?"

Pesa ya Nyabuhele ndiyo ilikuwa imsimamishe, kwa maana zote. Kwa kodi ya mwaka wa kwanza apumzike kazi ya kuinama. Na Sadru alishasema vijana wa wenye eneo ndio watafundishwa mashine kwanza, Farouk wa kwanza kabisa.

"Farouk ataenda," mzee akasema mwisho. "Atamwambia ukoo umekaa, umekubali kumhamisha marehemu. Basi. Asiongeze neno."

"Marehemu gani, baba?" Maulida akauliza.

"Wewe nenda kwenye maharage!"

*

Duka la Sadru liko mjini, nyavu mlangoni, injini za boti katikati, ofisi ndogo nyuma. Farouk alimkuta mwenyewe anakunywa chai na kachori, na binti yake Sana yuko pembeni na kompyuta. Farouk na Sana walisoma shule moja, Sana akiwa nyuma mwaka mmoja. Hilo halikumsaidia hata kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu kiti. Sana, mpe chai huyu. Baba hajambo? Magoti?"

"Yanamsumbua. Amenituma kuhusu lile eneo."

Sadru akasukuma sahani pembeni. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka ya kuongea, Kiswahili chake cha Mwanza kabisa, kazaliwa hapa na baba yake kazaliwa hapa.

"Kijana, usinitie uchungu. Mimi nilipapenda pale kwenu. Watu wote ziwani sasa hivi wanafuga samaki kwenye vizimba, na chakula cha samaki kinatoka nje ya nchi. Ujinga gani huo? Dagaa tunao, soya ipo, pumba zipo. Pale kwenu lami iko mita mia na hamsini. Mto unaingia ziwani hapo hapo, boti inashusha mzigo bila kulipia lori. Uwanja wa ndege dakika ishirini. Reli mpya ikianza, mzigo wangu unakwenda mpaka Dar. Na pako juu, maji ya masika hayafiki. Kwa Shimba? Lazima nimwage kifusi lori mia ndiyo nisimamishe ukuta!"

"Basi mzee, chukua kwetu. Ukoo umekaa. Tumekubali kumhamisha."

Chai ya Sadru ikasimama hewani. Sana akaacha kugonga kompyuta.

"Mnamfukua?"

"Kwa heshima zote."

"Alizikwa lini?"

"Themanini na tisa." Mwaka huo Farouk aliuchagua mwenyewe, kwa sababu kigae kilikuwa kimebaki na nafasi ndogo na tisa ilikuwa inaingia vizuri.

"Na kwako wewe ni nani?"

"Ni babu. Babu... mdogo."

"Babu mdogo," Sadru akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. Akamwangalia Farouk kuanzia kola ya shati mpaka viatu. "Mwanangu, shida ipo kila nyumba, mimi sikucheki. Lakini kumtoa mzee wa watu aliyelala zake miaka yote hiyo, ili mimi niweke pumba za samaki? Mtakula pesa hiyo ishuke?"

Farouk alitaka kusema. Neno lilifika mdomoni. Likakutana na sura ya baba yake likarudi. Akabaki anaangalia kachori. Sana naye akawa anaangalia dirisha, kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyomchoma kuliko kama angemcheka.

Halafu Sadru akafanya jambo baya zaidi, tena kwa wema. Akatoa noti ya elfu kumi mfukoni, akamkunjia kiganjani.

"Kale chakula. Na mwambie baba, kesho kabla sijavuka kwa Shimba nitapita pale. Nilikanyaga karibu na kaburi sijui, sikusoma hata dua. Saa nne kasoro nitakuja nimsomee Fatiha mzee wenu. Aje tusome pamoja."

*

"Fatiha?" Mzee Yunus alikaa wima, magoti yakalia. "Amesema Fatiha?"

"Na anataka msome pamoja," Farouk akasema. Akaiweka ile noti mezani. "Na hii kanipa ya chakula. Anadhani tuna njaa mpaka tunakula babu zetu."

Hakuna aliyeigusa ile noti.

*

Nyabuhele ukiiona mara ya kwanza utasema Mungu alipanga iwe kiwanda halafu akasahau. Mto unakuja taratibu kutoka upande wa Buswelu, unapinda, unaingia ziwani kati ya mawe makubwa. Juu ya ukingo ni uwanda sawa kama meza. Kwenye njia ya kuingilia, Mihayo, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa amesimamisha kibao cha mbao kwa pesa yake mwenyewe: ENEO ZURI KWA VIWANDA. KARIBU MWEKEZAJI. MAJI, BARABARA, AMANI. Kibao kina miaka minne. Mbuzi walishakizoea.

Ijumaa hiyo Mihayo alikuwa kavaa koti la suti na sura ya matanga. Mto ndio mpaka wa mtaa wake. Kiwanda kikienda kwa Shimba, kinakwenda mtaa mwingine, na umeme mkubwa unakwenda huko, na ajira zinakwenda huko.

"Barua kumi na moja, Mzee Yunus," alisema bila salamu. "Kumi na moja nimeandika kwa wawekezaji. Amejibu mmoja."

Mzee Yunus alikuwa ameshuka kwenye bajaji na familia yote, kavaa kanzu na kofia, kama mfiwa kweli. Bi Mhoja, mama wa makamo anayelima mchicha kando ya mto, alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kufagia.

"Mwangaluka, baba Farouk. Karibuni. Nimemsafisha vizuri mzee wenu, wageni wasimkute na majani."

"Asante, mama," Mzee Yunus alisema, sauti kama ya mtu aliyemeza mchanga.

Gari la Sadru likafika. Sadru akashuka, akasalimia wote, akavua viatu, akatembea kwa soksi mpaka kwenye vigae. Bi Mhoja akamfuata.

"Alikuwa mtu mzuri sana huyu," akamwambia.

"Ulimfahamu?"

"Simfahamu kwa sura. Ila mwaka ule wa mafuriko yeye ndiye aliyevusha watoto mgongoni. Watu wanasema."

Farouk akamwangalia Maulida. Maulida akajiziba mdomo kwa mtandio. Wiki tatu tu, na Mzee Abeid alishavusha watoto.

Sadru akainua viganja. "Mzee Yunus, njoo karibu. Wewe ndiye mwenye mzee, tuongoze."

Mzee Yunus akasogea. Akainua mikono. Mikono ikafika kifuani, ikagoma hapo. Mtu huyu alikuwa tayari kumdanganya mthamini, na mthamini mwenyewe hajawahi kuwepo. Alikuwa tayari kumdanganya Sadru, mwenyekiti, na benki ikibidi. Lakini kusimama mbele ya Mola wake amsomee Fatiha kifusi? Mwanaheri akamwona jasho linavyoshuka kwenye shingo, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamwonea huruma.

"Usisome," mzee akasema.

Sadru akafumbua macho. "Nini?"

"Usisome, Sadru. Hamna mtu humo."

Sadru akashusha viganja.

"Hamna mtu vipi? Mmeshamhamisha?"

"Hajawahi kuwepo. Nilijenga mimi. Niliona rangi nyekundu, nikajua serikali, nikasema nipate fidia. Humo kuna kifusi na saruji mifuko mitatu."

"Mitatu?" Mwanaheri akaruka. "Mimi uliniambia mmoja!"

Mihayo akashika kichwa. "Yaani mimi nimeleta mwekezaji, wewe ukamwekea maiti mlangoni!"

"Maiti hayupo, mwenyekiti."

"Ndiyo mbaya zaidi! Angekuwepo tungejua tunamheshimu nani!"

Lakini aliyekasirika kweli alikuwa Bi Mhoja. Alitupa ufagio chini. "Mimi nimemfagilia wiki tatu! Nimemweleza shida zangu zote huyu! Mpaka ya mkwe wangu anayekunywa!"

"Na mkwe akasemaje?" Maulida akashindwa kujizuia.

Bi Mhoja akafikiri kidogo. "Ametulia," akasema.

Hapo Sadru akaanza. Kilianza kitambi, kikafuata mabega, mwisho sauti. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa ukingoni mwa kaburi, akaruka kama kaungua, akakumbuka, akakaa tena. Hata dereva kwenye gari akawa anacheka bila kujua anacheka nini.

Alipojifuta machozi, uso ulikuwa umebadilika.

"Mzee Yunus, umenichekesha, sasa nisikilize. Jana kijana wako alikaa mbele yangu na mbele ya binti yangu. Nikamwita mtu anayeuza mifupa ya babu yake, kwa maneno ya adabu, lakini ndiyo maana yake. Akanyamaza. Alikuwa anakubeba wewe. Hilo silicheki."

Mzee Yunus akageuka kumtazama mwanawe. Farouk akajifanya anaangalia boti.

"Mimi eneo nalitaka," Sadru akaendelea. "Lakini benki haina utani. Kwenye karatasi za mtaa imeandikwa: kaburi, moja."

Mihayo ghafla akapata kazi ya kufunga vifungo vya koti. Karatasi alikuwa amejaza yeye.

"Tunamaliza hivi: Jumapili mna mkutano wa wananchi. Wewe mwenyewe usimame useme. Asikusemee mwenyekiti wala mtoto. Wananchi wafute, iandikwe kwenye muhtasari, Jumatatu asubuhi niwe nao mezani. Nisipouona, navuka kwa Shimba na lori zangu mia za kifusi. Leo nitamwambia anisubiri siku tatu, zaidi hapana."

"Nitasema," Mzee Yunus akajibu, kwa haraka ya mtu anayetaka kuondoka.

Farouk akaenda kuomba nyundo kwa vijana wa boti. Pigo la kwanza Bi Mhoja akageuza uso. Pigo la pili mzee akapiga kelele.

"Taratibu wewe! Anzia pembeni! Vigae vinatoka vizima hivyo!"

*

Kuahidi Ijumaa ni rahisi. Jumamosi watu walikuwa wameshasikia. Mabatini na Nyabuhele ni mbali kwa bajaji, lakini kwa mdomo ni hapo hapo. Alipokwenda dukani kununua sukari, muuza duka alimpa mikono yote miwili: "Pole na msiba, fundi. Mwili unafika lini?" Kijana mmoja akamwuliza kama anachukua oda za makaburi. Mzee akarudi bila sukari, akalala mchana kutwa.

Jumapili saa mbili akasema ana homa.

Mwanaheri akamshika paji la uso. "Huna."

"Iko ndani."

Mwanaheri hakugomba. Alichukua kanzu, akaipiga pasi kimya kimya, akaitundika kwenye mlango wa chumbani mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kuigusa. Ule ukimya ulimtisha mzee kuliko kelele za Alhamisi.

"Nitasema nini mimi mbele ya watu mia mbili?" akauliza.

Farouk alikuwa keshaandika. Alileta karatasi, akasimama katikati ya sebule, akakohoa. "'Ndugu mwenyekiti, ndugu wananchi. Kutokana na changamoto zilizojitokeza katika mchakato wa uendelezaji wa eneo, kumekuwa na sintofahamu kuhusu uwepo wa...'"

"Lete hapa." Mzee akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Changamoto gani? Sintofahamu ya nani?"

"Ndivyo wanavyoongea kwenye mikutano, baba."

"Ndiyo maana hawaaminiki. Mimi nilidanganya. Neno lenyewe fupi." Akaikunja ile karatasi mara mbili akamrudishia. Halafu akaendelea kuishika kona yake, hakuiachia, na Farouk naye kashika upande wake. "Kule kwa Sadru. Alikuumiza?"

"Kidogo."

"Kidogo?"

"Sana alikuwepo, baba."

"Aaah." Mzee akaiachia karatasi. Akasugua goti la kulia, la kushoto. "Basi nitamtaja kila aliyehusika, ambaye ni mimi. Maandishi nilikutuma. Wewe huhusiki."

"Lakini mwaka wa kufa nilichagua mimi."

"Na ulimuua mapema," Maulida akasema kutoka jikoni. "Miaka hamsini na nane! Ungemwacha aone hata simu."

Mwanaheri akacheka kwanza, mkono kifuani. Farouk akafuata. Mzee Yunus alijikaza, akaangalia ukuta, akaangalia dari, mwisho akakubali kushindwa, wakacheka wote mpaka muuza mkaa akachungulia dirishani kuuliza kuna nini, akaambiwa ni msiba.

Mzee akanyanyuka kwa awamu, mkono kwenye kochi, mkono kwenye meza. Akavaa kanzu. Akaweka kofia, akairekebisha.

"Tunakuja wote," Mwanaheri akasema, anatafuta kandambili.

"Hakuna anayekuja. Nikimwona huyu," akamnyooshea Maulida kidole, "nitacheka, na nikicheka watasema sijatubu."

"Na wao wakicheka?"

"Watacheka. Nitawaacha kwanza wamalize, ndiyo niseme."

"Nauli ya bajaji unayo?"

Akajipapasa mfukoni, akaitikia kwa kichwa kwamba anayo. Akaufungua mlango, jua la asubuhi na kelele za Mabatini zikaingia zote kwa pamoja, mtu nje akaita, "Fundi! Wapi tena, mazikoni?"

"Nakwenda kufufua," Mzee Yunus akamjibu, akatoka, akaufunga mlango.